Nani Ashike Mwendo wa Kazi

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu kazi ya kuunganisha vitu viwandani, kazi ambayo vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, huiendea kila siku kabla ya kupambazuka, wakisimama makundi makundi mbele ya malango ya chuma ya Mombasa, ya Thika, ya Athi River na ya Dar es Salaam, vitambulisho mkononi, wakingoja mlinzi atoke na kuhesabu watu wanaotakiwa siku ile. Waliosoma aghalabu huitaja kazi hii kwa haraka, ama kwa kuisifu kuwa ni dalili ya maendeleo ya nchi, ama kwa kuisikitikia kuwa ni kazi ya kuchosha isiyohitaji akili. Nami naona kwamba kauli zote mbili humpita mfanyakazi mwenyewe bila ya kumwona. Nataka leo tumtazame yeye, mikono yake na saa yake, na tuulize swali ambalo kwangu mimi ndilo mzizi wa mambo mengine yote ya kazi hii, nalo ni hili: mwendo wa kazi umo mikononi mwa nani?

Wako wanaodhani kwamba kuigawa kazi moja vipande vingi na kumpa kila mtu kipande chake ni jambo lililotujia na mashine za wageni. Sivyo. Kofia ya vito inayovaliwa Unguja na Lamu, ile nyeupe yenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, aghalabu haitoki katika mkono mmoja: yuko anayechora nakshi juu ya kitambaa, wako wanawake wanaotoboa na kushona vitundu majumbani mwao, na yuko anayepokea vipande, cha juu na cha ubavuni, akaviunganisha vikawa kofia. Jahazi nalo lina seremala wake, lina kalafati wake anayeziba nyufa kwa pamba na mafuta, lina mshona tanga wake, wala hakuna aliyeona unyonge katika mgawanyo huo. Mwanamke ashonaye kofia uani kwake huitua sindano mtoto anapolia, huishika tena chungu kikiisha kuepuliwa, na macho yakimchoka huikunja kazi yake akaiweka hadi asubuhi. Ujira wake ni mdogo, na madalali wamempunja tangu zamani, hilo silifichi. Lakini sindano ile huenda kwa mwendo wa mkono wake. Basi kugawa kazi si kosa la kiwanda. Jambo lililo geni, ambalo katika kazi za kuunganisha twalijua mahali pake na mwaka wake, ni lile la kumwondolea mtu mwendo wa kazi yake na kuutia ndani ya mashine.

Mahali penyewe ni Highland Park, kando ya mji wa Detroit katika jimbo la Michigan, Marekani, na mwaka ni 1913. Kiwanda cha Henry Ford kilikuwa kikiunda motokaa ya namna moja tu, iliyoitwa Model T, na watu waliitaka kuliko kiwanda kilivyoweza kuitoa. Ndani ya motokaa ile mlikuwa na magneto, kifaa cha sumaku kinachotoa cheche za kuwasha petroli, na kila kifaa kiliundwa na fundi mmoja aliyekaa mbele ya meza yake, sumaku zake na skrubu zake zikiwa mkononi, akimaliza kimoja kwa muda wa kama dakika 20. Wasimamizi wakaiondoa meza, wakaweka mahali pake njia ndefu ya chuma, wakawapanga watu ubavuni mwake, wakaigawa kazi ile vipande 29, na kila mtu akaamriwa atie kitu chake kimoja au viwili, au akaze nati iliyotiwa na mwenziwe, kisha akisukume kifaa kwa jirani. Muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde 10. Mwaka uliofuata wakaona kwamba watu wanainama mno, wakaiinua njia kwa inchi nane, na muda ukashuka hadi dakika saba. Wakazidi kuupima mwendo ambao kazi ipitishwe mbele ya watu, na muda ukawa dakika tano. Kazi haikusukumwa tena kwa mkono bali ilivutwa kwa mnyororo, kwa sababu wasimamizi walikwisha kuona kwamba baadhi ya watu ni wepesi na baadhi ni wazito, na mnyororo ukiwekwa huwaharakisha wazito na kuwazuia wepesi, wote wakawa hali moja.

Naomba mzizingatie zile inchi nane. Kuiinua kazi ili mtu asiiname ni rehema kwa mgongo, na kila aliyewahi kuinama siku nzima shambani au jikoni anajua thamani yake. Walakini nafuu iliyopatikana pale mgongoni haikuachiwa mwenye mgongo hata kwa dakika moja. Iligeuzwa papo hapo kuwa magneto zaidi kwa saa. Mtu yule aliyekuwa akiinama na kupumua baina ya kifaa na kifaa sasa alisimama wima, na pumzi ikamtoka vile vile, kwa kuwa kifaa cha pili kilikwisha kumfikia. Nami naamini kwamba katika habari hiyo ndogo mna hesabu nzima ya kazi za kuunganisha tangu siku ile hadi leo, na kwamba kijana anayeambiwa kuwa kiwanda kimeleta kiti kizuri zaidi au mashine nyepesi zaidi ana haki ya kuuliza nafuu ile itakuwa ya nani.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1913 mbinu hiyo ilitiwa katika motokaa yenyewe. Ford aliandika baadaye kwamba fikira hiyo ilitokana na wachinjaji wa Chicago, ambao walining'iniza nyama kwenye reli ya juu ikawapitia mmoja mmoja, kila mchinjaji akikata kiungo chake. Kule mnyama alifumuliwa, na huku motokaa ikafumwa. Kuunganisha motokaa moja, ambako hapo kwanza kulichukua zaidi ya saa 12 za kazi, kukawa ni kwa saa moja na nusu hivi kabla mwaka wa pili haujafika nusu. Bei ya motokaa ikashuka, watu wa kawaida wakazinunua, na hilo ni jema ambalo mtu mwenye insafu hawezi kulikana.

Lakini watu walikimbia. Hili halisemwi sana na wale wanaopenda kuisimulia habari ya Ford, nami nalitaja kwa makusudi. Katika mwaka wa 1913 kiwanda kile, kilichohitaji wafanyakazi wapatao 14,000, kililazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000, kwa sababu waliokuwa wakiingia kwa mlango mmoja walikuwa wakitoka kwa mlango mwingine. Badiliko la watu lilihesabiwa kuwa asilimia 370. Mafundi waliokuwa na ustadi wao, waliozoea kushika kazi tangu mwanzo hadi mwisho, hawakuupenda mnyororo. Ndipo tarehe 5 Januari 1914 Ford alipotangaza kwamba atalipa dola tano kwa siku, zaidi ya maradufu ya ujira wa awali, na kwamba saa za kazi zitapungua kutoka tisa hadi nane. Maelfu ya watu walijaa malangoni katika baridi ya Januari hata wakatawanywa kwa mabomba ya maji. Tena pesa zile hazikutolewa bure: sehemu kubwa ya dola tano ilihesabiwa kuwa ni fungu la faida, na ili alipate, mtu alipaswa kukubali wakaguzi wa kampuni wafike nyumbani kwake kutazama usafi wake, ulevi wake, na namna anavyotumia fedha zake.

Katika mwezi ule ule mke wa mfanyakazi mmoja alimwandikia Ford barua, bila ya kutaja jina lake, akamweleza kwamba mumewe hurudi nyumbani akajitupa chini asiweze hata kula chakula cha jioni, na akamwomba jambo hilo lirekebishwe. Na zile dola tano akazikiri kuwa ni neema, neema ambayo wenyewe waichuma kwa jasho lao. Naipa barua ile daraja kubwa kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya viwanda. Mwanamke yule aliushukuru mshahara, na katika karatasi hiyo hiyo akautenga mwendo, kwa maana alijua kwamba ni mambo mawili, na kwamba la kwanza haliwezi kulipia la pili. Sisi huku hadi leo tunapozungumza habari za viwanda tunazungumza mshahara peke yake, nao mshahara ni haki kuuzungumza, kwa kuwa ni mdogo. Ila mwendo tunauacha kana kwamba ni hali ya hewa isiyo na mwenyewe.

Na kwa nini mshahara uwe mdogo? Mwingereza Charles Babbage alilieleza jambo hilo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1832: kazi ikiwa nzima, mwenye mali hulazimika kumlipa fundi anayeweza sehemu yake ngumu kuliko zote, hata wakati anapofanya sehemu iliyo nyepesi; kazi ikigawanywa, hulipa ustadi mkubwa pale tu unapotakiwa, na sehemu zilizobaki huzinunua kwa bei ya mtu yeyote. Kabla yake, mnamo 1776, Adam Smith alikwisha kuhesabu kwamba watu kumi wakigawana kazi ya kutengeneza pini wanaweza kutoa pini 48,000 kwa siku. Yeye alistaajabia wingi wa pini, na Babbage akaonyesha fedha zilizosalia mfukoni mwa mwenye karakana. Hadi leo mtu wa kwenye laini, yaani ile safu ya watu wanaopitishiana kazi, hujua kwamba nje ya lango wapo wengine mia wanaoweza kufundishwa kazi yake kwa wiki moja au mbili, na ujuzi huo humziba mdomo kuliko amri ya msimamizi yeyote.

Sasa tuje kwetu. Tangu miaka ya 1970 nchi ya Kenya ina viwanda vya kuunganisha magari huko Thika, Nairobi na Mombasa. Magari huja kwa meli yakiwa yamefunguliwa, yamefungwa makashani, na vijana wa huko huchomelea bodi, wakazipaka rangi, wakatia injini, nyaya, vioo na viti, hata gari likatoka kwa magurudumu yake. Kazi hii haifanani kabisa na ile ya Detroit, kwa kuwa magari ni machache na aina ni nyingi, leo lori, kesho basi, hivyo mfanyakazi hutakiwa kujua mengi, na aghalabu gari husukumwa kutoka kituo hadi kituo kwa mikono ya watu. Huku mwendo haukushikwa na mnyororo. Umeshikwa na bahari na soko. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalimiminika bandarini kwa bei ambayo gari jipya haliwezi kushindana nayo, na mafundi waliotumia miaka kujifunza kazi yao wakajikuta wakikaa siku nyingi bila ya kazi, wakiitwa makasha yakifika na kuambiwa warudi nyumbani makasha yakiisha. Mtu anaweza kuchoshwa na kazi inayokimbia, na anaweza pia kuchoshwa na kazi inayosimama. Katika hali zote mbili si yeye aliyeulizwa.

Walio wengi zaidi, hata hivyo, hawaunganishi magari bali nguo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, ile iitwayo AGOA, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia huko bila ya ushuru, ilileta makumi ya maelfu ya ajira Kenya peke yake, hasa katika maeneo ya viwanda vya kuuza nje kama Athi River, na wengi wa waajiriwa ni wanawake. Suruali moja ya jinzi hupitia mikono ya makumi ya watu. Yuko anayeshona mfuko wa nyuma tu, yuko wa zipu, yuko wa mshipi, yuko wa vile vitanzi vya kupitishia ukanda, na mwisho wako wanaokata nyuzi zilizobaki na wanaokagua. Kazi hufika kwa mafungu yaliyofungwa kwa kitambaa au uzi, na kila saa kuna tageti: idadi ya vipande ambayo sapavaiza huiandika ubaoni, na chini yake idadi iliyotoka kweli.

Hebu mtazameni mtu mmoja katika laini hiyo. Ni dada aliyeketi mbele ya mashine ya kushonea mifuko. Mkono wa kushoto hushika kipande cha suruali, wa kulia hukiweka mfuko juu yake, vidole hupapasa ncha ili vilingane kabla jicho halijaona, mguu hukanyaga, mashine hulia, na kipande hutupwa mbele. Uzi ukikatika lazima aupitishe upya katika matundu yote hadi kwenye sindano. Sindano ikivunjika, hapo mambo huwa makubwa: kiwanda kinachouza nguo nje aghalabu humtaka avitafute vipande vyote vya sindano ile, hata kile cha ukubwa wa punje ya mchanga, chini ya mashine, ndani ya mshono, sakafuni, avipeleke vikabandikwe katika daftari pamoja na jina na saa, ndipo apewe sindano nyingine. Kanuni hiyo ni ya haki, maana kipande kikibaki katika nguo kitamchoma mtoto wa watu huko mbali. Lakini dakika zile za kutambaa sakafuni zinatoka wapi? Ubao haukufutwa. Tageti ni ile ile, na mafungu yanazidi kurundikana kando ya kiti chake, na yule wa mbele yake, ambaye amekaa bure kwa kukosa mifuko, ameanza kumgeukia na kumwita kwa hasira, kwa sababu upungufu wa mmoja ni upungufu wa laini nzima na huenda bonasi ya wote ikapotea.

Jambo hilo la mwisho linanihuzunisha kuliko yote. Huko nyuma msimamizi ndiye aliyeharakisha watu, nao wakamchukia kwa pamoja, na katika kumchukia wakapendana. Laini humfanya mwenzio kuwa msimamizi wako. Mtu aliyeugua usiku, au mjamzito aliyevimba miguu, haoni haya mbele ya bwana mkubwa asiyemjua; huona haya mbele ya jirani anayepanda naye matatu asubuhi, na kwa haya hiyo hujizuia kunywa maji ili asiombe ruhusa ya kwenda msalani.

Wala asiniambie mtu kwamba kazi ya dada yule haihitaji akili. Mpe mtu aliyesoma kitambaa kizito cha jinzi na mfuko, mwambie aushone uwe sawa na mwenzake wa upande wa pili bila ya kupima, kisha arudie mara mia kadhaa kabla ya adhuhuri, mara zote iwe sawa. Ujuzi ule upo, umejaa vidoleni, umechukua miezi kuingia. Dhuluma ni kwamba kwa kuwa ni sehemu ndogo ya nguo, hauthaminiwi kama ujuzi wala hauna cheti, na mwenye nao akiacha kazi huondoka bila ya kitu cha kumwonyesha mwajiri wa pili.

Je, mwendo ukisha kutiwa katika mashine, haurudi tena? Historia inatuambia kwamba hurudi, kidogo kidogo na kwa kudaiwa. Tarehe 30 Desemba 1936, katika mji wa Flint, Michigan, wafanyakazi wa General Motors waliketi kitako ndani ya kiwanda karibu na mashine zao wakakataa kutoka, na miongoni mwa malalamiko yao kubwa lilikuwa ni kuharakishwa kwa laini. Walikaa humo siku 44 za baridi kali, wakiletewa chakula na jamaa zao, hadi tarehe 11 Februari 1937, kampuni ilipokubali kukitambua chama chao. Lililowapa nguvu ni jinsi kiwanda chenyewe kilivyofumwa: maadamu kila kazi imeunganishwa na nyingine, mahali pachache pakisimama pote husimama. Miaka 35 baadaye, mwaka 1972, vijana wa kiwanda cha kampuni hiyo hiyo huko Lordstown, Ohio, waligoma baada ya laini kufikia magari kama 100 kwa saa, yaani sekunde 36 kwa kila gari. Na jambo walilolitaka waandishi wa magazeti hawakulifahamu kwa wepesi, kwa kuwa mishahara ya vijana hao ilikuwa mizuri.

Kampuni ya Volvo ya Sweden ilijaribu njia nyingine. Kiwanda chake cha Kalmar, kilichofunguliwa mwaka 1974, hakikuwa na mkanda wa desturi wa kuvuta magari. Kila gari lilikaa juu ya kibebeo chake kinachojiendesha, na kundi dogo la watu likapewa sehemu nzima ya gari, umeme wake au viti vyake, wakagawana wenyewe na kupanga mwendo wenyewe. Kiwanda kile kilidumu kwa miaka 20 hivi, muda wa kutosha kuonyesha kwamba gari laweza kuundwa bila ya mtu kuburutwa. Nao Wajapani wa Toyota wameiweka kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi, na mtu yeyote akiona kasoro huivuta, taa ikawaka, kiongozi wa kundi akaja. Na wasipoliondoa tatizo kwa wakati, laini husimama. Najua kamba ile iliwekwa kwa ajili ya ubora wa gari, haikuwekwa kwa ajili ya uchovu wa mtu. Hata hivyo imebatilisha hoja moja kubwa ya wenye viwanda, ile isemayo kwamba mfanyakazi wa chini akipewa uwezo wa kusimamisha kazi, kiwanda kitafilisika.

Na palipokosekana uwezo wa kusimama na kusema hapana, tuliona yaliyotukia. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka huko Bangladeshi, jengo lenye viwanda vya nguo ghorofani na benki na maduka chini. Kesho yake benki na maduka yalifungwa. Washonaji waliitwa kazini, na waliosita wakatishwa kwa mishahara yao, kwa kuwa nguo zilikuwa zikisubiriwa. Jengo liliporomoka asubuhi ile na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Waliouona ufa kwa macho yao walipanda ngazi wakaingia. Siwezi kuisoma habari hiyo nikaihesabu kuwa ni ya ujenzi mbaya peke yake.

Sheria zetu zimesema nini? Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, imeweka saa 45 za kazi kwa wiki na saa tisa kwa siku, bila ya kuhesabu ovataimu. Ovataimu yenyewe sharti iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, anastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kenya, katika kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, imemlinda kibarua kwa kusema kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, mkataba wake uhesabiwe kuwa wa mwezi. Na vijana wanaorudishwa nyumbani siku mbili kila mwisho wa mwezi, kisha wakaitwa upya kama wageni, wajue kwamba hila ile ina sababu yake, yaani kuikatiza hesabu ya mwezi, na kwamba chama cha wafanyakazi na ofisi ya kazi ndipo mahali pa kuipeleka. Andikeni tarehe za kazi katika daftari lenu wenyewe, msitegemee daftari la mlangoni. Hizi ni haki njema na nawasihi mzisome. Lakini zinahesabu saa, hazihesabu mwendo. Saa tisa za halali zinaweza kuwa na vipande 500 au 900 ndani yake, na sheria haina la kusema.

Kwa hiyo nina ombi, nalielekeza kwa wenye viwanda wanaonisikiliza na kwa vyama vinavyokaa nao mezani. Katika viwanda vya magari vya Marekani, vyama vilidai na kupata mtu wa ziada katika laini, asiye na kituo chake, anayejua kazi za vituo vyote vya sehemu yake, ambaye hushika nafasi ya mwenziwe anayekwenda kujisaidia, kunywa maji, au kunyoosha mgongo, na kazi ikaendelea. Laini yenye washonaji 30 ikiongezwa mtu mmoja wa namna hiyo, gharama yake ni mshahara mmoja juu ya thelathini. Dada aliyevunja sindano atatambaa sakafuni kuitafuta huku mwingine ameketi kwenye mashine yake, mifuko haitarundikana, na yule wa mbele hatakuwa na sababu ya kugeuka kwa hasira. Naye huyo mtu wa ziada, kwa kujua vituo vyote, atakuwa fundi kamili anayestahili cheti na ujira wa fundi, na vijana wa laini watakuwa na cheo cha kukitamani kilicho karibu nao. Mikataba ya hiari baina ya waajiri na vyama hujadiliwa upya kila baada ya muda wake. Nawasihi wajumbe watakaoketi safari ijayo waliandike jambo hili katika orodha yao, pamoja na idadi ya vipande kwa saa, na wasiinuke mezani mpaka mambo yote mawili yametiwa sahihi.